Nimepima H. pylori mara nne mpaka nikajua kipimo kipi cha kulipia (Dar)

Nimeona niandike hii kwa urefu kwasababu kila wiki naona mtu anauliza "jamani kipimo cha pailori wapi bei rahisi" (pailori ndo huyo H. pylori, bakteria anayeishi tumboni) na majibu yanakuwa ya bei tu, nenda sehemu fulani elfu kumi, nenda fulani elfu nane, hakuna anayeuliza wanapima damu au kinyesi, na hakuna kabisa anayeuliza kama ukimaliza dozi wanakurudisha kupima. Mimi nimelipia vyote. Majina ya sehemu sitaji, nitaeleza huduma yenyewe maana zipo kila kona ya mji na zinafanana.

Kwa mwenye haraka: kipimo cha damu nakipa nyota moja. Kipimo cha kinyesi kule kliniki ya pili nyota nne, ya tano nimeiondoa kwasababu ya choo chao, nitafika huko.

Kwanza kwanini nalishikia bango hili jambo. Baba yangu alifariki 2011 kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 58. Tumekua nyumbani Morogoro tunajua baba ana vidonda vya tumbo, ndo jina tulilopewa, mfukoni hakosi tembe za magnesiamu za kutafuna, asubuhi maziwa, mara juisi ya kabichi, mara mtu kamletea mizizi kutoka kijijini, maharage hagusi, pilipili hagusi. Hakuna siku hata moja mtu alisema mzee hebu tuangalie kama kuna mdudu humo ndani. Alivyoanza kukonda tukasema ni mawazo, alivyoanza kupata choo cheusi kama lami ndo akapelekwa kwenye kamera ya kuangalia ndani ya tumbo, na hapo ugonjwa ulishafika kwenye ini. Kwahiyo mtu akisema mbele yangu kwamba pailori ni biashara tu ya wenye maabara huwa namjibu, siwezi kukaa kimya.

Sasa mwaka jana mwezi wa tatu na mi nikaanza, kiungulia, tumbo kujaa gesi, maumivu hapa juu ya kitovu usiku nikilala. Nina miaka 41. Nikaingia maabara ndogo karibu na stendi, ina bango kubwa PIMA H. PYLORI DAKIKA 15. Elfu kumi. Kijana akanitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo cha plastiki, mistari miwili ikatokea, akaniambia dada unayo, tena nyingi. (Kile kipimo hakionyeshi nyingi wala chache, kinaonyesha ndio au hapana tu, hilo nimekuja kulijua baadae.) Hapohapo dirishani wakaniuzia dozi ya siku 7, elfu 38, vidonge vya aina tatu, mdomo wote ukawa mchungu kama nimelamba betri. Hakuna aliyeniuliza kama nakonda, kama natapika damu, kama kwetu kuna mtu aliwahi kuugua. Hakuna aliyeniambia rudi.

Nikapata nafuu kama miezi miwili, alafu ikarudi. Mwezi wa nane nikaenda tena palepale, kidole tena, mistari miwili tena, dozi ileile tena. Nikameza. Safari hii hata nafuu yenyewe sikuiona vizuri, nikawa naishi kwa omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, kila asubuhi kama chai.

Ndo wifi yangu ambaye ni nesi mkoani akanipigia, akaniuliza wifi wamekupima kwa kutumia nini, nikamwambia damu, akavuta pumzi. Akanieleza kitu ambacho nilitakiwa kuambiwa siku ya kwanza kabla sijatoa elfu kumi. Kipimo cha damu hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza kupambana nae, na hiyo kinga inabaki kwenye damu miezi mingi mpaka miaka hata kama mdudu alishakufa zamani. Akasema ni kama kovu la chanjo begani kwako, ulichanjwa mtoto mchanga na kovu bado lipo, ukiliona huwezi kusema umechanjwa jana. Yaani ile mara ya pili mistari miwili haikuwa na maana yoyote, ingeweza kutokea hata kama dozi ya kwanza ilimmaliza. Na mi nimemeza antibaotiki za nguvu wiki nzima kwa ushahidi huo. Hili limeniuma kuliko hela.

Akanielekeza kliniki moja ya ghorofa, ndani ndani huku Tabata. Nimefika saa mbili asubuhi kuna foleni ya watu kama ishirini, unachukua namba, mapokezi wana lugha nzuri, kumuona daktari elfu 20. Daktari ni mama wa makamo. Shikamoo, marahaba, akaanza kuuliza na aliuliza haswa, nakonda, nakwama chakula kooni, choo kina rangi gani, nimewahi kuambiwa nina upungufu wa damu, natumia dawa gani za maumivu maana diklofenaki na ibuprofeni nazo zinachubua tumbo, nani nyumbani kaugua. Nilipomtaja baba akaacha kuandika akaniangalia. Alafu akauliza omeprazoli mara ya mwisho lini, nikasema leo asubuhi. Akasema basi leo sikupimi.

Nilishangaa. Nina hela mkononi, nimekaa foleni masaa matatu. Akanieleza kwamba omeprazoli na ndugu zake wanamfubaza mdudu, anapungua na kujificha, kipimo kinaweza kusema hana wakati anae. Inatakiwa wiki 2 bila hizo dawa na wiki 4 tangu umalize antibaotiki. Mi nilikuwa na wiki mbili tu toka nimalize ile dozi ya pili. Akanirudisha nyumbani na tarehe imeandikwa kwenye kadi, nikibanwa nitafune zile za magnesiamu tu. Hapo ndo waliniteka, mtu amekataa kunipima kwasababu majibu yangekuwa ya uongo.

Hizo wiki mbili zilikuwa ngumu sijifichi, nililala nimekaa kwenye mito, chai ya rangi niliacha, chakula cha usiku nikawa nakula saa kumi na mbili. Ila ukipewa masharti haya yafuate, usidanganye.

Siku ya kipimo wanakupa kikopo chenye kijiko kidogo kwenye mfuniko, kiasi kinachotakiwa ni kidogo sana, kama punje ya maharage. Kipimo elfu 25, majibu siku hiyohiyo mchana. Hiki kinatafuta vipande vya mdudu mwenyewe, kwahiyo kikisema yupo ujue yupo sasa ivi. Kuna na kile cha kupuliza pumzi ambacho nacho ni kizuri, hapa hawana. Sasa choo: mnapima ugonjwa ambao mdudu wake anapatikana kwenye kinyesi, mnawapa watu vikopo, alafu choo cha wagonjwa hakina sabuni na maji yanatoka kwa kubahatisha. Nimemwambia mama wa mapokezi, nikamwambia tena niliporudi, na hapa naandika mara ya tatu. Kwa bei ile sabuni ya mche haiwezi kuwashinda.

Majibu: yupo. Yaani dozi mbili zote hazikumuondoa.

Hapa sasa ndo nilipata kitu ambacho hakimo kwenye risiti. Nilimuuliza dokta hivi kweli bakteria anaweza kuleta kansa au watu wanakuza mambo. Akachukua karatasi akachora tumbo. Huyu mdudu amejipinda kama skrubu, anajichimbia kwenye ule ute unaolinda ukuta wa tumbo. Asidi ingemuua ila ana kimeng'enya kinachovunja yurea kikatoa amonia, na amonia inapoza asidi pale pale alipo, anajitengenezea kibaraza chake. Mwili unamuona, unatuma chembe nyeupe kupigana, kule kwenye ute hazimmalizi, basi vita inakuwa ya kila siku na uwanja wa vita ni ukuta wa tumbo lako. Hiyo ndo wanaita inflamesheni sugu, sisi tunaita michubuko. Wengine kati ya hawa wadudu wana protini inaitwa CagA, wanaichoma moja kwa moja ndani ya seli zetu kama sindano, hao ndo wabaya zaidi.

Sasa seli zikichubuliwa kila siku zinazaliwa nyingine kuziba pengo, na kila inapozaliwa seli mpya ni kunakili maandishi upya, ukinakili daftari moja miaka thelathini makosa yataingia tu. Tezi za tumbo zinakonda, ukuta unaanza kuota seli za aina ya utumbo mahali ambapo si pake, na kwa wachache mwisho wake unakuwa saratani. Akasisitiza wachache: karibu nusu ya watu duniani wanae au wamewahi kuwa nae, wengi huambukizwa utotoni humohumo nyumbani, na kati ya watu 100 wenye nae ni kama 1 mpaka 3 ndo wanapata saratani ya tumbo. Kwahiyo usilie ukiambiwa unae. Ila ukiwa mtoto wa mtu aliyekufa nayo, akasema, wewe haufai kukaa nae.

Nikarudi nyumbani nikawa nasoma usiku na nimesoma mambo ambayo yamenifanya nimuwaze mzee. Miaka hiyo yote madaktari duniani waliamini vidonda vya tumbo ni asidi, mawazo na pilipili, walisema hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye asidi ile. Wakatokea wawili huko Perth Australia, Robin Warren ambaye alikuwa anawaona hao wadudu kwenye hadubini, na kijana Barry Marshall. Walikuwa wanajaribu kuwaotesha maabara hawaoti, mpaka Pasaka ya 1982 visahani vikaachwa siku nyingi kuliko kawaida kwasababu ya sikukuu, wakarudi wameota. Watu bado hawakuamini. 1984 Marshall akachukua kikombe cha hao wadudu akanywa, baada ya siku chache anatapika, wakamuangalia kwa kamera tumbo limechubuka na wadudu wamo. 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO likamuweka pailori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku, na 2005 hao wawili wakapata Nobel. Baba yangu alifariki miaka sita baada ya hiyo Nobel na bado anatafuna magnesiamu. Mnielewe ninavyosema inaniuma.

Na kuna kitu kingine dokta aliniambia sikuamini mpaka niliposoma mwenyewe, kuna aina ya saratani ya tumbo inaitwa limfoma ya MALT, hii ikiwahiwa mapema na mgonjwa akiwa na pailori, kwa wagonjwa wengi dawa ya kwanza ni antibaotiki tu, ukimuua mdudu saratani yenyewe inanywea. Fikiria vita ile ikizimwa na uvimbe unakosa wa kuulisha.

Basi akaniandikia kwenda kwenye kamera hospitali nyingine kwasababu ya historia ya baba na dozi mbili zilizofeli. Laki na themanini. Wanakupulizia ganzi kooni, unalala ubavu, kama dakika kumi, inakera ila haiumi kama watu wanavyotishia. Vinyama walivyochukua vilirudi baada ya siku tisa: michubuko sugu, hakuna kidonda, hakuna seli mbaya. Nilisoma ile karatasi nimesimama nje kwenye jua, nikampigia mama Morogoro, hakusema kitu, nilimsikia tu analia.

Dozi ya safari hii ni tofauti na naomba muisome vizuri hii sehemu. Dokta alikataa kunipa tena klarithromaisini, antibaotiki iliyokuwemo kwenye zile dozi mbili za mwanzo, akasema umeshaimeza mara mbili, mdudu aliyebaki atakuwa ameizoea. Akaandika dawa nne kwa siku 14: omeprazoli, bismathi, tetrasaiklini na flajili. Tetrasaiklini na bismathi nilizunguka famasi tatu mpaka Kariakoo, famasi ya pili walitaka kunipa dawa nyingine, doksi (doksisaiklini), wakasema dada ni ileile tu, nikampigia dokta (namba walinipa wenyewe na alipokea) akasema hapana, tafuta hiyohiyo niliyoandika. Jumla elfu 72. Ni vidonge vingi, mara nne kwa siku, niliweka alamu kwenye simu na mwanangu akawa ananikumbusha ya saa nne usiku. Walinionya mapema kwamba bismathi inafanya choo na ulimi viwe vyeusi nisiogope, na ninashukuru walisema, maana mimi nikiona choo cheusi nadhani mnajua ningewaza nini. Kichefuchefu siku ya tatu mpaka ya nane, pombe marufuku, mi situmii. Sikuruka kidonge hata kimoja.

Sasa ndo tunafika kwenye kitu ambacho mimi nahukumia kliniki siku hizi. Wiki ya tano baada ya dozi nilipigiwa simu na nesi wao, dada umeacha omeprazoli wiki mbili sasa? nikasema ndio, akasema njoo na kikopo Jumatatu. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu ya namna hiyo toka nianze kutibiwa tumbo. Kipimo cha baada ya dozi kinatakiwa angalau wiki 4 toka umalize, mapema zaidi kinadanganya, na lazima kiwe cha kinyesi au cha kupuliza, cha damu hapa hakina kazi kabisa. Nimelipa tena elfu 25 kamili hakuna punguzo, nadhani kwa mgonjwa wao wenyewe wangeweka hata elfu 15 ili watu warudi, wengi wanaishia kwenye dozi kwasababu hela imeisha na tumbo limepoa. Majibu: hayupo. Nilimuomba anisomee mara mbili.

Kwenye benchi siku hiyo kuna dada alikuwa anauliza nesi, kwahiyo kansa inaambukiza? maana kamsikia mtu mtandaoni anasema kansa zote ni fangasi na anauza dawa ya maji ya kusafisha damu laki mbili. Nesi alimjibu vizuri sana kwa sauti wote tukasikia. Saratani yenyewe haiambukizi, kula na mgonjwa, muuguze, mkumbatie. Kinachoambukiza ni baadhi ya vimelea ambavyo vikikaa mwilini miaka mingi vinaweza kuifungulia njia, kirusi cha HPV kwa mlango wa kizazi, homa ya ini B na C kwa ini, kichocho cha mkojo kwa kibofu, pailori kwa tumbo. Na si zote, kwa hesabu za mwaka 2018 dunia nzima ni kama 13 kati ya kila saratani 100, kwetu huku kusini mwa Sahara sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Zilizobaki zina sababu zake nyingine. Anayekuuzia kusafisha damu anakuibia hela na muda, na muda ndo mbaya zaidi.

Alafu akamuuliza yule dada una binti? Anao, wa miaka 11. Kachanjwa HPV? Hajui. Akamwambia siku hizi ni dozi moja, wasichana miaka 9 mpaka 14, bure, muulize mwalimu wake au nenda kituo cha afya kesho. Mi wangu alishachanjwa shuleni, ila nilivyorudi nilikwenda kutafuta kadi yake kuhakikisha. Nimesoma pia kwamba Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga homa ya ini B mwaka 1984 na saratani ya ini kwa watoto ikashuka, yaani chanjo ya sindano tu za mtoto mchanga. Sisi wachanga wetu wanaipata ndani ya ile ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14, msiruke tarehe jamani.

Mambo madogo ya kliniki kwa mtakaotafuta ya namna hii: fika kabla ya saa mbili, sampuli hawapokei baada ya saa saba mchana, bima baadhi wanapokea ila kipimo cha kinyesi mimi nililipa taslimu. Popote utakapoenda uliza maswali mawili dirishani kabla hujatoa hela, mnapima damu au kinyesi, na baada ya dozi narudi lini kupima. Wakibabaika kwenye la pili ondoka. Na kama unakonda bila sababu, unatapika damu, choo cheusi wakati hutumii bismathi wala vidonge vya kuongeza damu, au chakula kinakwama, usianze na vikopo, omba kamera.

Sisi tuko watoto wanne. Mdogo wangu amepima mwezi huu, anae, yupo siku ya sita ya dozi. Dada amepima hana. Kaka mkubwa yupo Kilosa, ana miaka 52, ana kiungulia toka nikiwa sekondari na mfukoni ana magnesiamu zilezile za baba. Jana nimemtumia nauli, amesema atakuja Alhamisi, na wiki hizi mbili hajagusa omeprazoli, nimemuuliza kila siku.